Mwalimu Mpya wa Shule ya Umma ni Mgeni wa Parokia



Kila mara Serikali inapotangaza ajira mpya za walimu, wiki chache baadaye huonekana katika vituo vya mabasi ya vijijini kijana aliyeshika begi, godoro lililokunjwa na kufungwa kamba, na bahasha ya kaki. Ndani ya bahasha hiyo mna barua ya ajira, vyeti vyake halisi, cheti cha kuzaliwa na namba ya kitambulisho cha Taifa. Alipewa siku 14 za kuripoti kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, la sivyo nafasi yake ingepewa mwingine. Ameripoti, akapangiwa shule, na sasa anaitafuta. Mwalimu mkuu anampokea kwa furaha ya kweli, maana amemngoja kwa muda mrefu. Anatembezwa madarasani, wanafunzi wanamwimbia. Kisha jioni inaingia, walimu wenzake wanarudi makwao, naye anabaki na swali ambalo hakuna chuo kilichomfundisha kulijibu: usiku huu atalala wapi?

Tunapenda kulitafakari swali hilo pamoja na mengine yanayofuatana nalo. Huenda mtu akauliza, hayo si mambo ya Serikali? Ndiyo, kwa sehemu kubwa ni ya Serikali, nasi hatukusudii kuipokonya wajibu wake. Lakini watoto walio wengi wa waamini wetu, wale tunaowabatiza na kuwaandaa kwa Komunyo ya Kwanza na Kipaimara, wanasoma katika shule za umma. Shule za Kanisa ni chache, na ada zake wengi hawaziwezi. Mababa wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Tamko juu ya Elimu ya Kikristo, Gravissimum Educationis, la tarehe 28 Oktoba 1965, waliliona jambo hili mapema. Katika namba 7 ya Tamko hilo wanafundisha kwamba Kanisa linapaswa kuwa karibu, kwa upendo na msaada wa pekee, na wale wengi wanaosomea katika shule zisizo za Kikatoliki. Na ukaribu huo hauwezi kuwafikia watoto pasipo kupitia kwa mwalimu anayekaa nao siku tano kwa juma, wakati katekista anakaa nao saa moja au mbili.

Anavyopatikana mwalimu

Tuanze na maandalizi, kwa kuwa wazazi wengi wanamfahamu mwalimu akiwa tayari amesimama mbele ya ubao. Nchini Tanzania mwalimu hupitia chuo cha ualimu, au chuo kikuu kwa shahada ya miaka mitatu. Huko hujifunza somo lenyewe, saikolojia ya mtoto, mbinu za kufundisha na upimaji, na kuandaa azimio la kazi na andalio la somo. Pamoja na hayo hutumwa shuleni kwa wiki kadhaa za mazoezi ya kufundisha, ambako mkufunzi huja kumkagua, kwa kawaida mara chache mno.

Nchi yetu imejaribu njia nyingi za kupata walimu, na inafaa kuzikumbuka. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliagiza Elimu ya Msingi kwa Wote itimizwe ifikapo 1977. Watoto waliofurika madarasani walihitaji walimu ambao hawakuwapo. Vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa kwa maelfu, wakafundishwa ualimu papo hapo vijijini mwao: sehemu ya siku wakifundisha, sehemu wakisoma kwa njia ya posta na redio chini ya mwalimu mzoefu. Hao ndio walimu wa UPE, ambao wengi wetu tulio katika miaka ya arobaini tuliwakuta bado kazini tulipoanza shule. Katika miaka ya 2000, shule za sekondari za kata zilipojengwa kwa kasi, wahitimu wa kidato cha sita walipewa mafunzo ya wiki chache na leseni ya kufundisha, nao wananchi, kwa ulimi wao usiokosa neno, wakawaita walimu wa vodafasta.

Ni rahisi kuyacheka makundi hayo mawili. Kwa maoni yetu, kundi la kwanza lina funzo tusilolithamini vya kutosha. Kijana wa UPE alikuwa na elimu ndogo, na madhara yake katika Kiingereza na Hisabati yalionekana kwa miaka mingi. Lakini hakuwa peke yake. Alikuwa na mwalimu wa kumwongoza kila siku, na alifundisha mahali ambapo watu walimjua. Mwenzake wa leo ana shahada mkononi, naye anashushwa njiani mbele ya shule asiyoijua, katika wilaya ambayo hana hata shangazi.

Tukija kwenye ajira, mambo yamegeuka kabisa. Hadi katikati ya muongo uliopita, aliyehitimu ualimu alingoja jina lake litoke katika orodha ya kupangiwa kituo. Leo anaomba kwa mtandao, na tangu mwanzoni mwa 2025 walimu nao wanafanya usaili kupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Katika usaili ule wa kwanza, nafasi zilikuwa zaidi kidogo ya 14,000, na walioziomba walizidi laki mbili. Tuisome namba hiyo polepole. Ni vijana ambao wazazi wao waliuza mahindi na ng'ombe, ambao wengine walihitimu 2015, na ambao kwa miaka kumi wamekuwa wakiendesha bodaboda na kuuza vocha huku vyeti vikiwa sandukuni. Na papo hapo, katika shule nyingi za vijijini, mwalimu mmoja anafundisha watoto zaidi ya mia moja katika chumba kimoja, hasa baada ya elimu bila ada kuanza Januari 2016 na watoto waliokuwa nyumbani kufurika shuleni.

Uhaba na wingi kwa wakati mmoja unawezekanaje? Sababu ziko kadhaa. Serikali huajiri kulingana na bajeti ya mishahara, wala si kulingana na idadi ya watoto waliokaa sakafuni. Pia wahitimu wengi ni wa masomo ya sanaa, ilhali shule zinalilia walimu wa Hisabati, Fizikia na Kemia. Miaka michache iliyopita baadhi ya walimu wa sanaa waliozidi sekondari walihamishiwa shule za msingi. Na katika jambo hili Kanisa halina budi kujitazama. Tunavyo vyuo vikuu vyetu: Mtakatifu Augustino Mwanza pamoja na vyuo vyake vya Tabora na Mtwara, Mwenge kule Moshi, na vingine, vyenye programu za ualimu zinazosomwa na vijana wengi. Vilifanya kazi njema wakati shule za kata zilipokuwa hazina walimu. Lakini mzazi anayetujia kuuliza kama amsomeshe binti yake ualimu wa Historia na Kiswahili anastahili kuambiwa ukweli wa soko la ajira kabla hajauza shamba.

Hapo kuna jambo jingine linalotuuma. Katika familia nyingi za Kikatoliki, kijana aliyefaulu vizuri Hisabati huambiwa awe mhandisi au daktari. Ualimu huachiwa yule ambaye alama zake zimegoma. Mtume Yakobo, katika sura ya tatu ya Waraka wake, anaonya watu wasikimbilie kuwa walimu, kwa kuwa mwalimu atahukumiwa kwa kipimo kikali zaidi. Sisi tumeugeuza ualimu kuwa kimbilio la mwisho, kisha tunashangaa kwa nini mtoto wa darasa la nne hajui kugawanya.

Mwaka wa kwanza

Kwa yule mmoja kati ya wengi aliyepata ajira, kisheria mwaka wa kwanza ni kipindi cha majaribio: miezi 12, kisha anathibitishwa kazini iwapo mwenendo na utendaji wake ni mzuri. Masuala yake ya kiutumishi, yaani uthibitisho, upandishwaji wa cheo na nidhamu, yako chini ya Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015. Katika mwaka huo ndipo mtu anapokuwa mwalimu, au anapoanza kutafuta njia ya kuondoka.

Mara nyingi mgeni hukabidhiwa Darasa la Kwanza, au mkondo wenye watoto wengi na wasumbufu zaidi. Si kwa ubaya. Walimu wazoefu wameshachoka, madarasa yao wanayazoea, na aliyefika mwisho hana sauti ya kuchagua. Lakini kufundisha mtoto kusoma, kuandika na kuhesabu kwa mara ya kwanza ni kazi ngumu kuliko zote katika shule ya msingi. Kosa la mwaka huo humfuata mtoto hadi mwisho wa shule ya msingi. Kumpa mtu wa wiki ya kwanza kazi hiyo, bila mwenzake mzoefu wa kukaa naye na kumwambia pole pole wapi amekosea, ni kumtesa yeye na watoto pamoja.

Serikali imeliona hilo. Kuna mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, maarufu kama MEWAKA, ambapo walimu wa shule moja au kata moja hukutana mara kwa mara, wakajadili somo lililowashinda na kusaidiana mbinu. Makundi hayo huitwa jumuiya za kujifunza. Msomaji wa ukurasa huu atatabasamu kidogo kwa kulisikia neno jumuiya nje ya mazingira yetu. Ni mpango mzuri sana pale mwalimu mkuu anapoupenda. Pale asipoupenda hubaki kuwa karatasi za kujaza.

Nje ya darasa mambo ni mazito zaidi. Nyumba za walimu ni chache, na zilizopo zina wenyewe. Mshahara wa kwanza hauji mpaka taarifa zake ziingizwe katika mfumo wa malipo. Akiwa amefika baada ya orodha ya mwezi kufungwa, anasubiri mwezi unaofuata, na kasoro moja ndogo katika jina au tarehe ya kuzaliwa humwongezea mwingine. Posho ya kujikimu anayostahili inaweza kuchelewa. Wakati huo anahitaji kodi ya chumba, ndoo, jiko, mafuta ya taa au umeme, na nauli ya kwenda halmashauri kufuatilia hayo yote. Anakopa. Na anayekuwa tayari kumkopesha mtu asiyejulikana katika mji mdogo ni yule wa mikopo ambayo watu huiita kausha damu: anachukua kadi yake ya benki na namba ya siri, na kila mwisho wa mwezi anatoa yeye kwanza. Mshahara unapofika hatimaye, kama alisoma kwa mkopo wa Serikali, 15% ya mshahara wa msingi imekwisha kukatwa na Bodi ya Mikopo, na kilichobaki kinachukuliwa na mshika kadi. Tumewafahamu walimu waliofundisha miaka mitatu bila kuishika kadi yao wenyewe.

Mwalimu wa kike ana mzigo wa ziada. Akipanga chumba peke yake, maneno yanaanza kabla hajamaliza kufungua begi. Akikubali msaada wa mtu mwenye nafasi, anadaiwa shukrani ambayo si ya pesa. Wazazi wenye mabinti wanafahamu tunachokisema.

Wito usiokula

Miaka kadhaa iliyopita, katika parokia tuliyokuwa tukiihudumia, tuliadhimisha Misa kwa ajili ya walimu. Tulihubiri kwa bidii kwamba ualimu ni wito, kwamba mwalimu ni mshumaa unaojiteketeza ili wengine waone. Waamini wakapiga vigelegele. Baada ya Misa, kijana mmoja wa shule ya jirani alitufuata sakristia, akangoja watumishi waondoke, akasema kwa sauti ya chini: "Baba Paroko, asante kwa mahubiri. Naomba kuuliza, parokia haina kibarua chochote siku za Jumamosi? Hata kufyeka." Alikuwa na mwezi wa pili hajaingia kwenye orodha ya mishahara. Alikuwa akila kwa mama lishe kwa kuandikisha, na mama lishe alikuwa ameanza kumpimia ugali kwa macho. Ilikuwa mita mia nne kutoka nyumba ya mapadre, nasi hatukuwa na habari.

Tulipewa kibarua cha kutafakari sisi kabla ya kumpa yeye cha kufyeka. Ndipo tulipousoma tena, kwa macho mengine, mwanzo wa utume wa Mtakatifu Yohane Mbatizaji de La Salle, ambaye Papa Pio XII alimtangaza tarehe 15 Mei 1950 kuwa msimamizi wa walimu wote. Tumezoea kumtaja kama mwanzilishi wa Mabruda wa Shule za Kikristo. Tunasahau kwamba hakuanza na watoto, bali na walimu.

Alizaliwa Reims, Ufaransa, mwaka 1651, katika familia tajiri, akawa kanoni wa Kanisa Kuu akiwa bado kijana, na padre mwaka 1678. Mwaka uliofuata alifika mjini mlei mmoja, Adrian Nyel, kufungua shule za bure kwa watoto maskini. Padre de La Salle alimsaidia kidogo, kama mtu mwenye heshima asaidiavyo. Walimu waliopatikana walikuwa watu duni, wasio na mafunzo, wanaoishi ovyo. Yeye mwenyewe aliandika baadaye kwamba mwanzoni aliwaona kuwa chini ya mtumishi wake wa nyumbani, na kwamba kama angejua atakuja kuishi nao asingeligusa jambo lile. Lakini aliona kwamba shule hazisimami kwa sababu walimu hawana mahali pa kukaa, hawana chakula cha uhakika, hawana wa kuwaongoza. Akawapangishia nyumba karibu na yake. Mwaka 1680 akaanza kuwakaribisha mezani pake. Mwaka 1681 akawahamishia nyumbani kwake, na ndugu zake wakakasirika kwa aibu hiyo.

Bado haikutosha. Walimu wale walikuwa na hofu ya kesho: wakiugua, wakizeeka, itakuwaje? Akawahubiria kuhusu Maongozi ya Mungu, ndege wa angani na maua ya kondeni. Nao wakamjibu, kwa adabu lakini bila kificho, kwamba ni rahisi kwake kusema hivyo, yeye mwenye mapato ya ukanoni na mali ya urithi. De La Salle hakukasirika. Aliona wana haki. Mwaka 1683 akaacha ukanoni wake, na katika njaa iliyofuata akagawa mali yake kuwa mkate wa maskini. Baada ya hapo ndipo maneno yake kuhusu wito yalipopata masikio. Na takriban mwaka 1685 alifungua kule Reims chuo cha kuwaandaa walimu wa shule za vijijini, kimojawapo cha vyuo vya kwanza vya ualimu vya namna hiyo.

Hatudai kwamba kila paroko ahamishie walimu katika nyumba ya mapadre. Baba Askofu atatuita haraka. Tunachokiona ni mpangilio: kwanza kitanda na sahani, kisha mafunzo, kisha mahubiri. Sisi tunaanzia mwisho. Neno wito ni tukufu, na ualimu kweli ni wito. Mtaguso wenyewe unaufundisha hivyo katika namba 5 ya Tamko tulilolitaja, ukiongeza kwamba wito huo unadai vipaji vya pekee, maandalizi ya makini na utayari wa kujifunza upya daima. Lakini neno hilo likitumiwa kumnyamazisha mtu anayedai posho yake, linaacha kuwa la Injili. Yakobo huyo huyo, katika sura ya tano, anasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele hadi masikioni mwa Bwana, na Papa Leo XIII katika Rerum Novarum ya mwaka 1891 aliufanya ujira wa haki kuwa suala la dhamiri.

Hii inawahusu hasa walimu wa kujitolea: wahitimu wasio na ajira wanaoziba mapengo katika shule za umma kwa posho ndogo inayotokana na michango ya wazazi, au bila chochote. Kamati nyingi za shule zina waamini wetu ndani yake, wengine wakiwa wenyeviti. Kama kikao kimekubaliana kumpa kijana kiasi fulani kwa mwezi, kiasi hicho ni deni. Kumlipa miezi miwili, kisha kumwambia avumilie kwa kuwa anajenga uzoefu, ni dhambi ya kuungama.

Yaliyo ndani ya uwezo wetu

Baada ya kisa cha yule kijana, Halmashauri Walei ya parokia ile ilikaa, na yaliyofanyika hayakuhitaji mfadhili wala andiko la mradi. Kila kigango chenye shule kilichagua familia moja ya watu wazima, wenye sifa njema, ya kumpokea mwalimu mpya kwa majuma manne hadi mshahara utakapoanza. Kwa mwalimu wa kike ilikuwa familia yenye mama mlezi, na WAWATA ndio walioichagua, si wanaume. Chakula kilitoka katika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kwa zamu: debe la mahindi, maharage, mafuta. Familia haikupokea kodi, na mwalimu hakuambiwa ahudhurie jumuiya kama malipo. Tulisisitiza sana jambo hilo la mwisho, kwa kuwa katika mwaka wa kwanza wawili kati ya waliopokelewa walikuwa Walutheri na mmoja Mwislamu, na kulikuwa na wazee walionung'unika.

Tulikosea pia. Mwanzoni tulitangaza majina ya walimu madhabahuni ili wakaribishwe, na kwa mmoja wao ikawa fedheha. Watoto wake wa darasani walijua kwamba mwalimu analishwa. Siku hizi tungewashauri wenzetu watangaze jina la shule tu, na mwenyekiti wa jumuiya afanye mengine kimya kimya.

Kuhusu kausha damu, parokia zenye SACCOS au vikundi vya kuweka na kukopa zinaweza kutenga kiasi kidogo kwa ajili ya waajiriwa wapya, kwa udhamini wa mwalimu mkuu au wa familia iliyompokea. Mkopo wa kodi ya miezi mitatu na godoro si mkubwa, na mwenye ajira ya Serikali atalipa. Sharti liwe moja: kadi ya benki isichukuliwe rehani. Kama sisi nasi tutashika kadi za watu, tusijisumbue.

Kuna na hazina ambayo tumeiacha ikae bure, yaani walimu wastaafu. Karibu kila kigango kina mmoja au wawili. Wengi ni wasomaji, wanakwaya au makatekista. Mwalimu aliyefundisha Darasa la Kwanza kwa miaka 30 anajua jinsi ya kuwashika watoto mia moja kwa wimbo na vizibo vya soda, jambo lisilopatikana katika vitabu vya chuo. Kwa ruhusa ya mwalimu mkuu, akae nyuma ya darasa la mgeni mara moja kwa juma, kisha wazungumze chini ya mti. Asiende kama mkaguzi. Wapo wastaafu wasioweza kujizuia kukosoa mbele ya watoto, na hao ni afadhali wabaki kwaya.

Tukumbuke pia kwamba shule nyingi za umma zilizo jirani na makanisa yetu zilijengwa na wamisionari, zikatwaliwa na Serikali kufuatia Sheria ya Elimu ya mwaka 1969. Kwa muda mrefu kumbukumbu hiyo imezaa manung'uniko kuhusu ardhi na majengo. Tangu turuhusiwe kufungua shule tena, nguvu zetu tumezielekeza kwenye shule zetu wenyewe, nazo ni nzuri, zinaongoza katika mitihani. Lakini tulipoyapoteza majengo yale tuliwaacha pia walimu wake, na hakuna sheria iliyotutaka tufanye hivyo. Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere, ambaye Serikali yake ilizitwaa shule hizo, alikuwa ameanza mwenyewe kama mwalimu katika shule za Kanisa, Mtakatifu Maria Tabora na Mtakatifu Fransisko Pugu, na jina la Mwalimu hakuliacha hata alipokuwa Rais.

Mwaliko wa kufundisha kipindi cha dini au kuwa mlezi wa TYCS unaweza kuja kwa wakati wake. Tunawasihi mapadre na makatekista wenzetu wasimpelekee mwalimu Mkatoliki ombi hilo katika wiki yake ya kwanza, wakati hajui hata choo cha shule kiko wapi. Wangoje muhula wa pili. Akiwa ameshapata chumba, kadi yake iko mfukoni mwake, na Darasa la Kwanza limeanza kumsikiliza, huenda akaja mwenyewe kuuliza.

Kwa parokia zinazotaka kuanza, mtu wa kumwona ni Afisa Elimu Kata. Yeye ndiye anayejua ni shule ipi inatarajia mwalimu na lini, na kwa uzoefu wetu hufurahi kuulizwa. Waende watu wawili, mmoja wa Halmashauri Walei na mmoja wa WAWATA, wakiwa na jina la familia iliyo tayari na chumba kilichofagiliwa. Orodha za ajira hutoka bila kufuata kalenda yetu ya liturujia, na siku 14 hupita upesi.